Filamu za shule: Tusiwaachie wageni kamera

Tangu filamu ijumuishwe katika tamasha za kitaifa za drama za shule na vyuo, kumezuka desturi moja ambayo, kwa maoni yangu, yafaa kukemewa kabla haijaota mizizi. Shule hutunga kisa, wanafunzi huteuliwa kuigiza, kisha mwalimu mlezi hutumwa mjini kumtafuta mpigapicha wa harusi mwenye kamera kubwa. Bwana huyo huja siku mbili, hupiga picha, huondoka na kazi yote akaihariri kwake, na baada ya majuma mawili huirejesha ikiwa imekamilika. Fedha anazolipwa zingewanunulia wanafunzi wengi vitabu vya kiada. Wanafunzi nao, ambao ndio filamu inadaiwa kuwa yao, hawajui jinsi onyesho moja linavyounganishwa na jingine, wala ni kwa nini sauti ya mama wa kisa ilisikika kana kwamba amezungumza akiwa ndani ya mtungi.

Nimekuwa mlezi wa drama kwa miaka mingi. Kila ninapolitaja jambo hili mbele ya walimu wenzangu, jibu huwa ni lile lile: hatuna vifaa, hatuna fedha, filamu ni sanaa ya matajiri. Hilo ndilo jibu ninalotaka kulipinga leo.

Tuanze na majirani zetu. Katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, kuna mtu aitwaye Isaac Nabwana ambaye aliwahi kujipatia riziki kwa kufyatua matofali. Mwaka 2005 alianzisha kampuni yake ya filamu papo hapo mtaani. Tarakilishi za kuhariria aliziunganisha mwenyewe kutokana na vipuri vikuukuu. Bunduki za mchezo zilichongwa na kuunganishwa kwa vyuma chakavu. Waigizaji walikuwa majirani, na filamu ilipokamilika wao hao ndio waliobeba nakala na kuziuza nyumba kwa nyumba. Filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, inasemekana haikugharimu hata dola 200 za Marekani, lakini ilitazamwa na mamilioni ya watu duniani kote. Mwaka 2019 filamu yake nyingine, Crazy World, ilionyeshwa katika tamasha la kimataifa la Toronto, Kanada. Mimi binafsi si mpenzi wa visa vya mabomu na risasi, na simwombi mwanafunzi yeyote aviige. Ninachokistahi ni kwamba mtu huyu hakungoja kupewa.

Mfano wa pili ni wa Robert Rodriguez wa Marekani, ambaye filamu yake ya El Mariachi ilitoka mwaka 1992. Ili apate sehemu ya fedha alizozihitaji, kijana huyo alijitoa kufanyiwa majaribio ya dawa katika kituo cha utafiti, na akiwa humo ndipo alipoandika mswada. (Hilo nalo, enyi wanafunzi, msiliige!) Jambo la kuigwa ni utaratibu wake wa kuandika. Hakukaa akabuni kisa kisha akaanza kuhangaika kutafuta vitu vya kukitimiza. Kwanza alihesabu vilivyokuwapo katika mji wa Ciudad Acuña nchini Mexico, nyumbani kwa rafikiye: basi, baa, shamba, mbwa, hata kobe. Kisha akatunga kisa kinachoingia ndani ya vitu hivyo. Kamera aliazima. Haikuweza kunasa sauti, kwa hivyo alipomaliza kupiga picha aliwataka waigizaji wayarudie maneno yao mbele ya kinasa sauti cha kaseti, naye akayaoanisha na picha baadaye.

Hadithi hiyo, hata hivyo, husimuliwa nusu nusu. Hutajwa dola 7,000 tu, kisha msikilizaji huachwa aamini kwamba ni hizo zilizowafikishia watu filamu kwenye majumba ya sinema. La hasha. Kampuni ya Columbia ilipoinunua, ilitumia fedha nyingi mara kadhaa kuliko hizo kuisafisha sauti, kuihamishia kwenye ukanda mpana zaidi na kuitangaza. Nayasema haya kwa sababu sipendi vijana wadanganywe. Kutengeneza filamu kwa fedha kidogo kunawezekana. Kuifikisha kwa watazamaji ni kazi nyingine yenye gharama zake.

Ama kwa Satyajit Ray wa Bengali nchini India, huyo ndiye ningependa kila mwalimu mlezi amjue. Alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo jijini Calcutta, na filamu yake ya kwanza, Pather Panchali, aliianza mwaka 1952 akiipiga siku za mapumziko. Kijana aliyeshika kamera, Subrata Mitra, alikuwa na umri wa miaka 21 na hakuwa amewahi kuendesha kamera ya sinema. Siku ya kwanza walipiga onyesho katika konde lililojaa nyasi zenye maua meupe. Waliporudi juma lililofuata wakakuta mifugo imeyala maua yote, ikabidi wangoje msimu mwingine. Fedha zikaisha. Vito vya mkewe vikawekwa rehani. Hatimaye serikali ya jimbo ikatoa fedha, na husimuliwa kuwa ziliandikwa katika fungu la ujenzi wa barabara kwa kuwa jina la filamu lilitaja njia! Filamu ilitoka mwaka 1955, na mwaka uliofuata ikatuzwa huko Cannes, Ufaransa. Baadaye Ray alisema kulikuwa na miujiza mitatu katika kazi hiyo: sauti ya mtoto wa kiume haikuvunjika, msichana hakukua, na yule bibi kizee aliyeigiza nyanya hakufariki.

Tuyatafakari maneno hayo. Asiye na fedha hulipa kwa muda. Shuleni muda huo una mipaka migumu: mhula una majuma machache, mtihani haungoji, na mwigizaji mkuu aliye kidato cha nne hatarudi mwakani. Ndiyo maana filamu ya shule yapasa kuwa fupi mno. Dakika saba zilizofanywa vyema zashinda arubaini za kuburura. Watu wawili au watatu, mahali pawili, mchana mmoja wa kisa, basi.

Sasa nije kwenye vifaa, ambavyo ndivyo kisingizio kikubwa. Najua kwamba wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na sitaki kanuni hiyo ilegezwe. Rununu ya mwalimu yatosha. Mmarekani Sean Baker aliipiga filamu yake Tangerine ya mwaka 2015 kwa rununu, ikaonyeshwa katika majumba ya sinema. Picha si tatizo tena. Kinachotuaibisha ni sauti, na mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu lakini hainuki kiti kwa jambo lolote upesi kama kwa maneno asiyoyasikia. Mwalimu akipata rununu ya pili, aiweke katika mfuko wa shati la mwigizaji inase sauti karibu na kinywa, huku ya kwanza ikipiga picha kutoka mbali. Kabla ya maneno kuanza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Mlio huo ndio utakaomsaidia mhariri kuoanisha sauti na picha. Darasa tupu lenye sakafu ya saruji huvuma, kwa hivyo blanketi za bweni zitundikwe kutani, nje ya jicho la kamera. Na chini ya paa la mabati msipige lolote mvua ikinyesha.

Mwanga nao ni wa bure, mradi mtu aujue. Saa sita mchana katika nchi yetu hii ya ikweta jua huwa utosini, na macho ya mwigizaji hugeuka mashimo meusi. Asubuhi na alasiri ndipo uso huonekana. Tena, mwenye ngozi nyeusi akisimamishwa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa au dirisha lililo wazi, kamera huufuata ule weupe na uso wake hupotea. Mgeuze alitazame dirisha. Haya wanafunzi watayang'amua kwa kujaribu na kufuta, mara kumi ikibidi, jambo ambalo mpigapicha wa kukodiwa kwa siku mbili hataliruhusu.

Kwa nini nalichukulia suala hili kwa uzito hivi? Kwa sababu kwa muda mrefu nchi yetu imekuwa mandhari ya visa vya wengine. Out of Africa ilipigwa hapa na kutoka mwaka 1985, na mwaka uliofuata ndipo Kolormask ya Sao Gamba ilipotoka. Mwaka 1992 Anne Mungai alitoa Saikati. Tumesonga mbele tangu wakati huo, lakini hata baadhi ya filamu zetu zilizosifika zaidi, kama vile Nairobi Half Life ya 2012 na Supa Modo ya 2018, zilipata msaada kutoka Ujerumani. Siubezi msaada huo. Supa Modo ni filamu nzuri mno, na jambo la kufurahisha ni kwamba ndani yake kijiji kizima kinajikusanya kumtengenezea msichana mgonjwa filamu kwa vitu walivyo navyo. Lakini je, kijiji kisichokuwa na mfadhili kitasimulia lini? Sembène Ousmane wa Senegal, aliyekuwa mwandishi wa riwaya, aliigeukia sinema mapema miaka ya sitini kwa kuwa wengi wa watu wake hawakuweza kuvisoma vitabu vyake. Mtoto wa Lodwar au wa Lamu akijua kunasa na kuhariri, hahitaji kungoja mtu wa Nairobi aje kumsimulia.

Kuna hadhari moja. Bajeti ndogo isiwe jina jingine la kuwatumikisha watu. Chakula cha waigizaji na nauli yao viandikwe juu kabisa katika hesabu, kabla ya kifaa chochote. Wazazi waombwe idhini kwa maandishi, na ikubaliwe mapema filamu ni ya nani iwapo kituo cha runinga kitaitaka. Wimbo wa mwanamuziki fulani usichukuliwe kwa kuwa tu unapatikana. Kwaya ya shule ipo, na mpiga nyatiti au zeze hakosekani kijijini.

Kwa waandalizi wa tamasha nina ombi. Baada ya filamu kuonyeshwa, waamuzi wawaite wanafunzi na kuwauliza: nani alishika kamera, nani alinasa sauti, nani aliyeamua onyesho hili likatwe hapa? Alama zitolewe kwa majibu hayo pia. Mtaala wa umilisi umeifanya filamu kuwa sehemu ya somo katika sekondari ya juu, na sioni jinsi tutakavyomtahini mtoto kwa kazi iliyofanywa na mtu wa harusi.

Jambo la mwisho ni la kuhifadhi. Nabwana alipohitaji nafasi katika tarakilishi yake ili atengeneze filamu iliyofuata, alilazimika kuzifuta faili asilia za Captain Alex, na leo kilichobaki ni kile kilichokuwa kwenye nakala za DVD. Shuleni hali ni mbaya zaidi, kwani filamu hukaa katika rununu ya mwalimu, na mwalimu akihamishwa nayo huhama. Maktaba inunue diski mbili za kuhifadhia, moja ikae humo na nyingine katika ofisi ya mwalimu mkuu, kila moja ikiwa na orodha ya majina ya wanafunzi na mwaka walioifanya kazi hiyo.