Haya Mbele ya Daktari



Mama mmoja wa hapa magharibi ya Sydney alikwenda kwa daktari kwa maumivu ya kiuno yaliyomshukia mguuni. Mkalimani wake alikuwa mwanawe wa miaka kumi na mmoja. Daktari aliuliza maumivu yanafika wapi, wapi pana ganzi, na haja ndogo inatokaje. Mama aliona haya kulijibu hilo la mwisho kwa kinywa cha mtoto. Akasema, mgongo tu. Alirudi nyumbani na vidonge na lawama: "Hakunipima, hata picha hakunipiga." Ametupa idhini tuyaandike haya bila ya jina lake.

Tuanze na lawama. Tulipomdadisi, kumbe daktari alimlaza chali akauinua mguu ulionyooka, akamtembeza kwa visigino kisha kwa ncha za vidole, akamgonga goti na kifundo kwa kinyundo. Basi huko ndiko kupima.

Baina ya pingili za uti wa mgongo mna diski, zote 23: nje ukuta mgumu wa nyuzinyuzi, ndani ute mzito. Ukuta ukipasuka, ute hujitokeza na kuubana au kuuwasha mshipa wa fahamu upitao karibu. Mara nyingi ni zile diski mbili za chini kabisa, ambazo mishipa yake huteremka hadi unyayoni. Ndiyo maana ugonjwa uko kiunoni na kilio kiko mguuni. Kutembea kwa visigino humwonyesha daktari hali ya mshipa mmoja, kwa vidole hali ya mwingine. Na maumivu yapitayo chini ya goti, yenye kuchoma kama umeme na kuzidi mtu akikohoa, humweleza mengi kabla ya picha yoyote.

Ama hiyo picha, eksirei huonyesha mifupa, diski haionekani. MRI huionyesha, tena huonyesha mno. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2015, wa watu wasio na maumivu yoyote, ulikuta diski zilizofura kwa watu 30 katika kila 100 wenye miaka ishirini, na 84 katika kila 100 wenye miaka themanini. Sisi wa sitini tukipigwa picha hatutakosa cha kuonyeshwa! Inafaa pale mguu unapozidi kudhoofu, au wiki sita zikipita bila ya nafuu na upasuaji unafikiriwa. Wengi hupata nafuu kabla ya hapo, na ute uliotoka aghalabu hunywea wenyewe. Wala vidonge vikali vya jamii ya afyuni visitamaniwe: utafiti uliofanywa hapa Sydney na kutolewa mwaka 2023 ulikuta kuwa, kwa maumivu mapya ya mgongo, havishindi vidonge visivyo na dawa ndani yake.

Lakini yako yasiyongoja. Ganzi ya sehemu za siri na makalio, mkojo kuziba au kutoka bila ya kujijua, choo kutozuilika, miguu yote miwili kulegea: hapo fungu la mishipa ya chini limebanwa, na mtu aende idara ya dharura saa ile ile, au apige 000. Kuchelewa kwaweza kuacha kilema cha kudumu.

Mama yule alikuwa na ganzi hiyo tangu kabla ya kumwona daktari. Alituambia sisi, wanawake wenzake, siku mbili baadaye, mkojo ukiwa umekwisha kuziba. Alipasuliwa usiku ule. Sasa anatembea, anaswali kitini kwa udhuru wake, na mkojo haujarudi sawasawa.

Mtoto asifanywe mkalimani. Huduma ya ukalimani ya serikali ni simu 131 450, usiku na mchana. Unapoweka miadi, mwambie karani kuwa unataka mkalimani wa Kiswahili. Ukitaka mwanamke, sema. (Waume nao wana haya zao, twawajua.) Wako wanaochelea kuwa mkalimani atakuwa jirani. Kwa simu huenda yuko Perth, hakuoni uso, na miiko ya kazi yake yamfunga asitoe siri.