Somo wa Mafundi na Sikukuu ya Juni 3



Kila mwaka, siku chache kabla ya Juni 3, sisi wa Kamwokya huwaona mahujaji wakipita Kira Road kwa miguu, rozari mkononi, wakielekea Namugongo. Wengine wametembea siku nyingi kutoka magharibi ya nchi. Mafundi wetu huinua vichwa kidogo, kisha wanaendelea kugonga bati.

Majina yanayotajwa zaidi ni ya Karoli Lwanga, aliyechomwa moto Namugongo Juni 3, 1886, na ya kijana Kizito. Hao walikuwa watumishi wa ikulu ya Kabaka Mwanga, na heshima yao hatuipunguzi. Lakini kati ya mashahidi 22 ambao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu Oktoba 18, 1964, yumo mmoja ambaye sisi watu wa kazi za mikono tumemsahau, naye ndiye wa kwetu hasa: Noa Mawaggali.

Noa alikuwa mfinyanzi. Alimfinyangia vyungu Mukwenda, chifu wa Ssingo, na maskani yake yalikuwa Mityana, mbali na ikulu. Huko yeye, Matia Mulumba na Luka Baanabakintu walikuwa nguzo za kundi la Wakristo lisilokuwa na padre karibu; walifundishana na kusaidiana wenyewe. (Mwanachama yeyote wa chama atatambua mtindo huo.) Mei 31, 1886 Noa alichomwa mkuki, akararuliwa na mbwa. Dada yake, Munaku, alijitokeza akitaka auawe naye, wakamchukua mateka. Leo Noa ni somo wa wafinyanzi na mafundi.

Je, mafundi wa Kamwokya wanamwadhimishaje? Juni 3 ni sikukuu ya taifa. Benki zimefungwa, ofisi zimefungwa. Lakini kibarua wa gereji au karakana huambiwa: "Ukienda Namugongo, kazi utaikuta ina mwenyewe." Na mwajiri anayesema hivyo, pengine siku hiyo mwenyewe yuko Namugongo, amekaa kivulini katika hema la wageni! Anamwomba Noa kwa mdomo huku akimnyima fundi wake siku moja.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haina mafumbo. Mfanyakazi ana haki ya kupumzika siku ya sikukuu kwa malipo kamili, na saa za ziada za siku hiyo hulipwa mara mbili.

Hatusemi wote waende kuhiji. La hasha! Waprotestanti wana mahali pao hapo hapo Namugongo, na Waislamu nao wana mashahidi wao waliouawa huko miaka ya 1870, enzi za Mutesa. Wengine wangependa kulala tu, na hiyo pia ni haki yao. Mama wa chai na kijana wa bodaboda kwao ni siku ya mavuno, wamejichagulia. Tunayemsemea ni yule asiyepewa nafasi ya kuchagua.

Basi tunapendekeza wawakilishi wetu wapite gereji kwa gereji Mei 31, siku ya Noa, waandike nani ametakiwa kufanya kazi Juni 3 na ameahidiwa malipo gani. Orodha hizo zifike ofisini kabla ya sikukuu, ili ziwe mezani tutakapokutana na waajiri.