Kijana Aliyekomaa na Nyumba ya Wazee Wake



Ndugu msomaji, wiki hii tumeona tulilete mbele yako jambo linalozungumzwa sana barazani na jikoni, lakini ni nadra kuzungumzwa baina ya wale linaowahusu. Nalo ni hili: kijana aliyetimia umri, akamaliza masomo, pengine akawa na kazi yake, je, aendelee kukaa kwa wazazi wake au ahame akajitegemee?

Kwa wazee wetu suala hili halikuwa zito, kwani ndoa ndiyo iliyolijibu. Kijana alioa mapema, na siku ya harusi ikawa ndiyo siku ya kubadili makazi. Leo mambo yamebadilika. Masomo yamerefuka, kazi nyingi ni za vibarua na mikataba mifupi, na gharama za harusi zimepanda kupita kiasi. Baina ya kumaliza shule na kuoa au kuolewa, kijana aweza kukaa miaka kumi. Kwa sheria ya nchi amekuwa mtu mzima tangu alipotimiza miaka 18 akachukua kitambulisho, na kwa sheria ya dini amebeba majukumu yake tangu alipobaleghe. Nyumbani, hata hivyo, yungali akiitwa “mtoto”, na aghalabu huishi kama mtoto.

Hapo ndipo manung'uniko yanapozaliwa. Mzazi hulalamika kwamba kijana hurudi usiku wa manane na kutaka afunguliwe mlango. Kwamba nguo zake hufuliwa na sahani yake huoshwa na mama mwenye maumivu ya magoti. Kwamba apokeapo mshahara hanunui hata mkate wa chai. Kijana naye hulalamika kwamba hana pa kuweka vitu vyake, hulala sebuleni hadi wageni waondoke, kila shilingi yake yaulizwa ilikwenda wapi, na siku aliyotamka kwamba ataka kupanga chumba Mtwapa au Bamburi, mama alilia kama aliyefiwa na jirani wakauliza kumetokea nini. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zina haki katika malalamiko yao. Tatizo ni kwamba hawajawahi kuketi kitako wakasemezana.

Wako wanaosema kwamba kuhama kwa wazazi ni mtindo wa kigeni, na kwamba kukaa pamoja ndiyo asili yetu. Wenye kusema hivyo hawana budi kuitazama vyema asili yenyewe. Katika familia za kiungwana za Lamu, ilikuwa desturi baba kumpa binti yake nyumba, au kumjengea ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, anapoolewa. Na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Kwa hivyo binti alibaki karibu na mamake, na mwana wa kiume ndiye aliyetoka. Tena, nyumba za jamaa zilipokabiliana, ziliweza kuunganishwa kwa wikio, lile daraja lipitalo juu ya kichochoro, ili wanawake waendeane bila ya kushuka njiani. Hayo mawikio yangaliko katika Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kila apitaye chini yake huyaona. Wazee wale walimpa kila aliyeoa mlango wake, kisha wakafanya njia ya kuendeana. Hawakuona kwamba mlango wa pili unavunja udugu.

Nayo Qur'ani Tukufu haikulinyamazia jambo hili. Katika Surat An-Nur, aya ya 58 na ya 59, mna mafunzo ya kubisha hodi humo humo ndani ya nyumba: watoto wadogo hutakiwa waombe ruhusa katika nyakati tatu za faragha, na wakishabaleghe waombe ruhusa kila wakati, kama watu wazima wengine. Aya ya 61 ya sura hiyo hiyo inazitaja moja moja nyumba za baba, mama, ndugu, ami, shangazi, wajomba na mama wadogo, na kutueleza kwamba hapana ubaya mtu kula humo. Tuzingatie mambo mawili. Nyumba zimetajwa mbalimbali, maana yake jamaa waweza kuwa na makazi mbalimbali na wala hilo si dosari. Na chakula kimeachwa wazi katika zote, maana yake kutengana kwa milango hakukukata kula pamoja.

Basi sisi hatusemi vijana wote wahame, wala hatusemi wote wabaki. Twasema kwamba kukua kwa mtu hupimwa kwa mzigo anaoubeba, popote anapolala. Yuko aliyepanga chumba chake Kisauni, na kila mwisho wa mwezi humpigia mamake simu amtumie kodi. Na yuko anayelala katika chumba kile kile alichozaliwa ndani yake, naye ndiye alipaye maji, umeme na dawa za babake za presha. Wa pili amekomaa kuliko wa kwanza.

Kwa anayebaki nyumbani, la kwanza ni masurufu. Wanazuoni wameeleza kwamba baba hawajibiki tena kumlisha mwana mtu mzima aliye na kipato chake, na kwamba mwana mwenye uwezo huwajibika kuwatunza wazazi wanaohitaji. Kwa hivyo mchango wa kijana nyumbani si hisani. Na uwe kiasi kinachojulikana, siku inayojulikana, bila ya kungojea kuombwa. Kwani mzazi kumwomba mwanawe ni uzito mkubwa, na wengi huona heri walale na njaa. Tuchukue mfano wa kijana apataye shilingi 30,000 kwa mwezi. Akitoa 8,000 za masurufu, akaweka akiba 7,000 bila ya kukosa, mwaka ukiisha atakuwa na 84,000 za kuanzia maisha, na nyumba ya wazazi itakuwa imesimama. Hilo ndilo jema la kukaa nyumbani. Lakini akikaa miaka mitano, hachangii wala haweki, huyo atakuwa amewala wazazi wake na kuila kesho yake.

La pili ni mlango na saa. Mzazi ana haki ya kujua ni nani atakayelala humo usiku na ni saa ngapi mlango utafungwa. Kijana naye ana haki ya kubishiwa hodi, na simu yake na kabati lake visipekuliwe. Mzazi abishaye hodi kwenye chumba cha mwanawe hajipunguzii heshima. Anamfundisha kwa vitendo adabu atakayoihitaji atakapokuwa na mke au mume.

La tatu latuuma zaidi, nalo ni hali ya mabinti. Kaka akirudi saa saba za usiku, huambiwa “mwanamume huyo”. Dada akichelewa gari Likoni kwenye feri, nyumba nzima humsimamia mlangoni. Binti akiajiriwa kuwa mwalimu au muuguzi mji mwingine, yako ya kuangalia kweli: usalama wake, ni nani wa karibu naye, na kama patapatikana jamaa au wanawake wenzake waaminifu wa kukaa nao. Hayo yazungumzwe kwa uwazi, pasi na kumvunjia kazi yake kwa hofu ya maneno ya watu. Kadhalika mshahara wake ni mali yake. Surat An-Nisaa, aya ya 32, imeeleza kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Na lipo jingine. Katika nyumba nyingi, kaka huoa wakahama mmoja mmoja, na binti ambaye hajaolewa huachiwa peke yake kumwogesha baba mgonjwa, kumpeleka mama kliniki na kupika. Watu humsifu kwa wema wake, na sifa hiyo huwa ndiyo ujira wake pekee. Enyi kaka, wazazi hao ni wenu nyote. Gaweni siku, gaweni gharama, na dada yenu apate naye usiku wa kulala.

La nne ni maarusi wapya kukaa kwa wazazi wa mume. Mke ana haki ya makazi kwa kadiri ya uwezo wa mumewe, na msingi wake umo katika Surat At-Talaq, aya ya 6. Wanazuoni wengi wameeleza kwamba halazimiki kukaa pamoja na jamaa za mume asiporidhia. Fauka ya hayo, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alionya vikali juu ya shemeji kuingia kwa mke wa nduguye, katika hadithi mashuhuri waliyoipokea Bukhari na Muslim. Sasa mwanamke huyu atavua buibui saa ngapi, iwapo mashemeji watatu wapita ushorobani mchana kutwa? Na mavyaa na mkaza mwana katika jiko moja, hata wakiwa wema namna gani, vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Ikiwa hapana budi kukaa humo, basi angalau wapewe chumba chenye choo chake na mahali pao pa kupikia, na iwekwe muda. Twaongeza neno kwa wazee wanaosimamia harusi: fedha zinazomalizika kwa jukwaa, picha na karamu za usiku mbili tatu zingetosha kuwalipia maarusi kodi ya miezi mingi. Twawapamba, kisha twawapeleka kubanana.

La tano ni kujenga juu. Wengi hapa kwetu humruhusu mwana apandishe ghorofa juu ya nyumba ya baba, na ni jambo la heri, kwani viwanja ni ghali na wazazi hubaki karibu na mtoto. Lakini hufanywa kwa maneno matupu. Baba akifariki, ndugu husema nyumba yote ni mirathi. Aliyejenga husema juu ni jasho lake. Na watu waliokula chano kimoja hukutana mbele ya Kadhi hawasalimiani. Basi andikianeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Isemwe wazi: je, baba amempa mwana nafasi ile moja kwa moja, amemwazima, au mwana amemkopesha baba gharama za ujenzi? Ndugu wote wajue baba angali hai. Na sheria ya nchi ya mwaka 2020 inayohusu majengo yenye sehemu mbalimbali inaruhusu sehemu kuwa na hati yake, kwa hivyo familia yenye hati ya kiwanja yaweza kumwuliza wakili.

Ama kijana aliyeamua kuhama, twamnasihi atoke mchana, kwa kuaga. Asitoke usiku baada ya ugomvi, na nguo ndani ya mfuko wa plastiki. Awaeleze wazee anakwenda wapi, na nani, na atawezaje kulipa. Ahesabu kabla: kodi ya mwezi wa kwanza, amana ya mwenye nyumba, godoro, jiko, nauli ya kila siku, asije akahama Muharram akarudi Safar. Akishahama, asidhani kwamba fedha za simu zatosha. Fedha hununua dawa, lakini haziketi na mzee baada ya Alasiri. Awe na siku yake ya kwenda, na Ramadhani iwe na futari za kwao. Walioko mbali, Nairobi au nchi za Ghuba, wanajua thamani ya jambo hili kuliko walioko mtaa wa pili.

Nanyi wazazi, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mtoto anayeomba ruhusa ya kuhama kwa heshima hajawakana. Radhi zenu ni jambo kubwa mbele ya Mwenyezi Mungu, kwa hivyo msizitumie kumfungia kijana asiyetenda kosa. Na yule ambaye hachangii, hatafuti kazi, na ashinda barazani kwa muguka, msimwonee haya. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, sembuse mwenyeji.

Tumalizie kwa aya ya 23 ya Surat Al-Israa, ambayo wengi wetu twaihifadhi. Inapowazungumzia wazazi kufikia uzee, inawataja wakiwa kwa mtoto wao, katika ulinzi wake. Leo kijana yuko kwa wazazi; akijaaliwa umri, siku itafika wazazi wawe kwake, na wao ndio watakaouliza kwa sauti ndogo kama wanaweza kuongezewa blanketi. Jinsi tunavyogawana nyumba sasa, hodi, masurufu na maneno mema, ndivyo tutakavyogawana siku hiyo. Basi usiku wa leo, baada ya Isha, zimeni televisheni, mketi mseme: ni nani akaaye hapa, anabeba nini, na hadi lini.

Mwenyezi Mungu atupe watoto watakaotutuliza macho, na atujaalie kuwa hivyo kwa wazazi wetu. Wabillahi tawfiq.