Lawalawa Hutibiwa kwa Dawa, Si kwa Wembe

Katika mkoa wa Singida, hasa vijijini kwa Wanyaturu, jina la lawalawa limewatia hofu mabinti na mama zao tangu miaka ya 1970. Msichana akipatwa na muwasho sehemu za siri, akatokwa na uchafu au akasikia maumivu anapokojoa, huambiwa kwamba ana lawalawa na kwamba dawa yake ni moja tu, nayo ni kukeketwa.

Yatupasa kusema mambo mawili bila kuficha. Kwanza, msichana huyo hadanganyi, anaumwa kweli. Pili, dawa aliyotajiwa ni ya uongo. Dalili hizo ni za maambukizi ya uke au ya njia ya mkojo, yaletwayo na bakteria au fangasi. Huwapata wanawake wa kila kabila, waliokeketwa na wasiokeketwa, na hutibiwa kwa dawa za hospitali pamoja na usafi wa mwili. Wembe hauponyi lolote kati ya hayo. Huleta kutokwa damu nyingi, maambukizi mapya na hatari wakati wa kujifungua.

Kwa nini basi uongo huu umedumu? Kwa sababu umejengwa juu ya aibu. Binti wa miaka 14 hathubutu kumweleza baba yake. Mama naye alilelewa katika kunyamaza. Hubaki wenzake wa rika, ambao hawajui zaidi yake. Hao humcheka kwamba bado ni mtoto na kwamba hakuna kijana atakayemwoa. Asiye na wa kumwuliza humsadiki anayesema kwa sauti kubwa zaidi.

Sheria ipo. Ile ya mwaka 1998 humwadhibu kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15 mwenye dhamana ya msichana aliye chini ya miaka 18 akimkeketa au akisababisha akeketwe. Lakini baada ya sheria hiyo, familia nyingine ziligeukia watoto wachanga, kwa siri, kwa kisingizio kilekile cha lawalawa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 31 ya wanawake wa Singida wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ilhali kwa taifa zima ilikuwa asilimia 10. Hofu isipoondolewa, sheria huwahi kuadhibu tu, haiwahi kuokoa.

Kwa hiyo tunadai haki iliyo ndogo kwa gharama na kubwa kwa matokeo: kila binti asikilizwe faraghani na mhudumu mwenye ujuzi, bila kukemewa wala siri yake kutangazwa. Mwuguzi anayemhoji msichana mbele ya foleni, wengine wakisikia, amemrudisha kwa ngariba kwa mikono yake mwenyewe.

Wahenga walisema: mficha uchi hazai. Mama, binti yako akilalamika, mpeleke zahanati, wala usingoje ushauri wa majirani. Baba, usiulize mahari kabla ya kuuliza afya. Nanyi vijana wa kiume, tamkeni hadharani kwamba hamtamkataa msichana kwa sababu hakukeketwa. Neno hilo moja litavunja nguvu ya vicheko vingi.