Tusiipime Mirathi kwa Kilo



Shaba si mgeni Tabora. Zama za misafara, wapagazi waliotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji walibeba nguo, shanga na nyaya za shaba, vitu vilivyokuwa ndiyo fedha ya njiani. Reli ilipofika mjini hapa mwaka 1912, mizigo mizito nayo ikapata njia. Hata meli iitwayo leo MV Liemba ilipita hapa ikiwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikielekea Kigoma.

Basi si ajabu mzee akifariki akaacha injini kuukuu ya kusagia nafaka au kuvutia maji, pamoja na kopo la vipande vya shaba ya manjano. Mmoja wa watoto hukimbilia kwa mnunuzi wa chuma chakavu, kopo likapimwa kwa kilo. Hapo ndipo tunapokosea.

Tuvitambue kwanza. Kikombe kidogo kilicho wazi juu, chenye koki chini yake, ni cha kuwashia. Fundi alitia petroli kidogo koki ikiwa imefungwa, akaifungua ili petroli ivutwe ndani ya silinda gurudumu likizungushwa kwa mkono, kisha akaifunga. Injini nyingi za mafuta ya taa ziliwashwa hivyo, kwa kuwa mafuta hayo hayageuki mvuke vyema injini ikiwa baridi.

Koki isiyo na kikombe yaweza kuwa ya kutoa hewa ili gurudumu liwe jepesi, au ya kumwaga maji ya kupoozea. Chenye kioo ni cha kudondosha oili. Chenye kifuniko cha kukazwa, kisicho na koki, ni cha grisi.

Tujaribu pia kwa sumaku: shaba ya manjano hainaswi. Kikinaswa, huenda ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Tusisugue herufi zilizochongwa, kwani ndizo ushahidi wa mtengenezaji. Kilicho bado kwenye injini kipigwe picha mahali pake kabla ya kufunguliwa. Wala watoto wasijaribu kuwasha kwa petroli. Moto hauna mzaha.

Ndugu zetu, injini iliyokamilika na injini iliyonyofolewa viungo hazina thamani moja. Na mali ya marehemu, kubwa kwa ndogo, baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, ni haki ya warithi wote, akiwemo binti aliyeolewa mbali na yatima asiyejua kusema. Anayeuza kopo lile kimyakimya ameuza pia fungu la mwenziwe.

Tuandike orodha, tumwite fundi mzee atueleze, kisha tugawane kwa uadilifu. Allah atujaalie kuwa waaminifu. Amin.