Kompyuta ya kuzamia au jedwali? Jibu langu kwa mama wa mzamiaji mpya

Kuna mama kaniandikia inboksi. Kijana wake amepata cheti cha kuzamia na mtungi kule Nungwi, sasa anataka anunuliwe kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kama saa. Bei imemshtua mama wa watu. Anauliza, hivi lile jedwali la kuzamia halitoshi?

Jibu langu: mnunulie, au akodi. Lakini asiivae kabla hajalijua jedwali vizuri.

Vyote viwili vinafanya kazi moja. Ukiwa chini unavuta hewa ya mtungi, naitrojeni inaingia kwenye damu na misuli. Ukikaa sana halafu ukapanda haraka, inatoka kama mapovu ya soda iliyotikiswa. Yakikwama kwenye viungo au uti wa mgongo, ndo balaa. Kwa hiyo kila kina kina muda wake. Jedwali moja linalotumika sana linatoa dakika 56 kwa mita 18, ila kwa mita 30 ni dakika 20 tu.

Jedwali linahesabu kana kwamba muda wote ulikuwa kwenye kina kirefu zaidi ulichofika. Kompyuta inafuata kina chako halisi, inakupa muda zaidi, na inakuonya ukipanda kwa kasi. Hapo imeshinda, sibishi.

Sasa niwape ya wodini. Usiku mmoja nilikuta mashine ya dripu inaonyesha kila kitu sawa. Mgonjwa alitakiwa apate mililita 500 kwa masaa 4, yaani matone kama 42 kwa dakika kwa mpira wa matone 20. Nikahesabu kwa saa yangu, yanashuka karibu mara mbili. Aliyeingiza namba alikuwa amechoka, akakosea. Mashine ilitii tu. Kama nisingefundishwa kuhesabu kwa mkono, ningepita zangu.

Kompyuta ya kuzamia ni hivyo hivyo. Kuna mitungi ya hewa iliyoongezwa oksijeni. Aliyeikodi jana akiiacha kwenye hesabu ya hewa hiyo, na kijana wako ana hewa ya kawaida, itampa dakika nyingi kuliko anazostahili, na haitapiga kelele. Anayejua jedwali atashtuka: mita 30, nusu saa? Haiwezekani!

Mengine ya kumwambia:

1. Kila mtu na kompyuta yake. Kutegemea ya mwenzako hapana, yeye hakupita kina kilekile.

2. Akizamia mara moja tu, asipande ndege kabla ya masaa 12. Akizamia mara nyingi au siku kadhaa, angalau masaa 18. Hata kile kindege cha kurudi Dar.

3. Akitoka majini akapata maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, asilale "ili upite", wala asirudi majini. Apewe oksijeni, aende hospitali, na aseme mapema: nilizamia. Asiposema, sisi tunaweza kuhangaika na malaria.

Na wewe dada mwenye mimba, kuzamia na mtungi kusubiri mpaka ujifungue.

Mama, kabla hujatoa hela, mpe jedwali akuelezee mezani. Akishindwa, arudi kwa mwalimu wake kwanza.