MAARIFA YA NYUMBANI: Je, Sungura Hucheua?

Mzozo ulianzia bandani. Binti wa sajini mmoja, mwanafunzi wa darasa la saba, alikuwa akiwatilia sungura majani wakati wa jioni, na baba yake ameketi barazani akifunga viatu tayari kwenda lindo. Binti akauliza, "Baba, mwalimu wa sayansi ametufundisha kwamba wanaocheua ni ng'ombe, mbuzi, kondoo, twiga na wenzao, na kwamba sungura hayumo. Mbona Mambo ya Walawi, sura ya 11, inamtaja sungura kuwa anacheua?"

Sajini, ambaye ni mzee wa kanisa, aliona kama kwamba imani yake imetiwa kizimbani mbele ya watoto. "Mwambie mwalimu wako asifundishe watu kumsahihisha Mungu," akajibu, akavaa kofia yake akaenda zake. Binti akanyamaza. Tangu siku ile hakuuliza tena neno, si la sungura wala la hesabu. Mama yake ndiye aliyekitambua kimya hicho, naye hakukipenda.

Hapana budi kwanza kueleza sheria yenyewe inasema nini. Katika Mambo ya Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14, mnyama wa nchi kavu aliye halali kuliwa hutambulikana kwa alama mbili: awe na kwato zilizopasuka, tena awe anacheua. Kisha wanatajwa wanne wenye alama moja tu. Ngamia, wibari na sungura wanahesabiwa kuwa wanacheua lakini hawana kwato zilizopasuka. Nguruwe ana kwato hizo lakini hacheui. Wayahudi washika dini wanaifuata sheria hii hata leo. Wakristo walio wengi hawajifungi nayo. Kwa upande wa Waislamu, Masuni humhesabu sungura kuwa halali, hali Mashia Ithnaasheri hawamli. Kwa hiyo katika safu moja ya nyumba za askari huweza kupatikana sufuria moja yenye sungura na ya pili isiyomkaribia, na kila mwenye nyumba akawa na sababu yake.

Mwalimu wa yule binti hakukosea. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne. Humeza majani upesi, kisha akiisha kutulia huyarudisha kinywani, akayatafuna upya na kuyameza tena. Tumbo la sungura lina chumba kimoja tu, wala hakuna chakula kinachotoka humo kurudi kinywani kwa njia ya koo. Ikiwa maana ya kucheua ni hiyo peke yake, basi sungura hacheui.

Walakini ubishi huu si wa jana. Mwaka 1853 Mwingereza John William Colenso aliwekwa kuwa askofu wa Natal, kusini mwa Afrika. Alijifunza Kizulu na kutafsiri Maandiko akisaidiwa na Mzulu aliyeitwa William Ngidi. Walipokuwa wakiifanyia kazi habari ya Gharika, Ngidi alimwuliza kama ni kweli wanyama wote, wa nchi za joto na wa nchi za baridi, walikuja wawili wawili wakaingia safinani. Na je, Nuhu aliwakusanyia wote chakula, hata wale walao nyama? Colenso hakuthubutu kumjibu kwa maneno ambayo yeye mwenyewe hakuyasadiki. Mwaka 1862 alianza kutoa vitabu vya kuvichunguza vitabu vitano vya Musa. Mwaka uliofuata Askofu Robert Gray wa Cape Town alimhukumu kuvuliwa uaskofu. Mwaka 1865 Baraza la Faragha huko London likaamua kwamba Gray hakuwa na mamlaka hayo. Colenso akabaki Natal, na kanisa limegawanyika, hata alipofariki mwaka 1883.

Katika makelele ya miaka ile sungura naye alivutwa huku na huku. Wengine walisema kwamba kwa kuwa sungura hacheui, kitabu kizima kimeanguka. Wengine walishikilia kwamba hapana budi anacheua, ingawa kisu cha mpasuaji hakikuona tumbo la kucheulia. Kumbe pande zote mbili zilikuwa hazijamtazama mnyama mwenyewe vya kutosha.

Mwaka 1882 Mfaransa aliyeitwa Morot, daktari wa mifugo, alieleza jambo ambalo wengi hawakulijali. Lilisahauliwa mpaka mwaka 1939, jarida la sayansi liitwalo Nature lilipochapa barua zilizouliza swali lile lile la binti wa sajini. Jambo lenyewe ni hili: sungura ana kinyesi cha namna mbili. Cha kwanza ni zile punje ngumu, kavu, ambazo kila mfugaji huzifagia. Cha pili ni laini, hutoka kwa vishada na kufunikwa na ute. Hicho hutengenezwa katika mfuko mkubwa ulio pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, ambamo vijidudu visivyoonekana kwa macho huchachusha majani. Sungura hainami kukiokota chini; hukipokea kwa kinywa chake pale pale kinapotoka, akakimeza. Humo hupata vitamini za jamii ya B pamoja na protini iliyotengenezwa na vijidudu hivyo. Akizuiwa asikile hupungukiwa na lishe hiyo. Kwa hiyo mfugaji amwonapo sungura wake akifanya hivyo asidhani ni uchafu wala maradhi, wala asimpige. Chakula kimepita mara mbili, kama cha ng'ombe, ila kwa njia nyingine.

Je, ugunduzi huo umemaliza mabishano? La. Wako wasemao kwamba maneno ya Kiebrania yaliyofasiriwa "kucheua" yana maana ya kupandisha juu kile kilichomezwa, na kwamba sungura anastahili kuingia humo. Wengine hujibu kwamba huko ni kulivuta neno mpaka likatike, maana anachokila sungura hakipandi kooni. Tena jibu la kinyesi halimfai wibari, yule mnyama mdogo wa mawe ambaye wengine humwita pimbi. Wibari huchezesha taya zake hata pasipo chakula kinywani, hata mtazamaji akadhani anacheua. Lakini yeye si wa jamii ya wacheuao. Ajabu ni kwamba ndugu zake wa karibu, kwa ushuhuda wa mifupa na wa damu, ni tembo na nguva. Hakuna jicho ambalo lingelikisia hivyo kwa kumtazama tu juu ya jiwe.

Wako pia wanaosema kwamba sheria ile ilinena kwa lugha ya macho. Ilikuwa mwongozo wa wachungaji na wapishi, waliohitaji kumtambua mnyama kwa kumwangalia akiwa hai, mdomo wake na miguu yake. Sungura akitulia mashavu yake huchezacheza, na mwenye macho makali huweza kudanganyika. Mshairi Mwingereza William Cowper, aliyefuga sungura wa porini nyumbani mwake, aliandika mwaka 1784 kwamba mmoja wao alikuwa akicheua bustanini. Kadhalika sura ile ile ya Walawi inamtaja popo pamoja na ndege, kwa sababu wote huruka. Mtaalamu wa siku hizi humweka pamoja na wanyama wanyonyeshao, kwa sababu popo huzaa na kunyonyesha. Kila mmoja amepanga kwa alama aliyoichagua. Hata leo watu wote husema kwamba jua limetua, nao wanajua fika kwamba dunia ndiyo izungukayo, wala hakuna anayewaita waongo.

Wale wanaotaka Maandiko yawe kitabu cha elimu ya wanyama hawataridhika na jibu hilo, wala wale wanaoyatafuta makosa yake hawataridhika. Hiyo ni haki yao. Lakini mtu aliyeitundika imani yake yote juu ya taya la sungura ameitundika mahali pembamba mno. Na yule anayedhani ameibomoa kwa taya hilo hilo hajabomoa kitu kikubwa.

Sajini alirudi kutoka lindo alfajiri moja, wakati jogoo wa pili anawika. Alipopita kando ya banda aliwasha kurunzi kuona kama mlango umefungwa. Sungura jike aliinamisha kichwa chini ya tumbo lake, akakaa hivyo kwa muda kitambo, kisha akainuka, mashavu yakichezacheza. Hapakuwa na jani hata moja mbele yake, na sakafu ilikuwa imefagiwa. Sajini alisimama hapo hata akasahau usingizi. Kisha akaenda dirishani akamwita binti yake kwa sauti ya chini asiwaamshe wadogo zake.

"Njoo uone. Huyu anacheua!"

Binti alikuja na kanga mabegani, akachungulia, akangoja mpaka mnyama aliporudia tendo lile. "Hacheui, Baba," akasema kwa adabu. "Anakula mara ya pili. Mwalimu alitueleza juzi, ila niliogopa kukwambia."

Sajini alizima kurunzi. Kosa lake halikuwa katika sungura, na alilijua. "Usiogope tena kuniuliza," akasema. "Nisipojua, tutatazama pamoja." Kisha wakaketi wawili juu ya kizingiti kusubiri kupambazuke, na kabla jua halijachomoza binti alikuwa amekwisha kuuliza maswali mengine matatu.